Saa Nane Mchana, Njia ya Uvinza

Juzi basi la Tabora lilisimama Uvinza, nikanusa migebuka ya kukaanga, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, na ile Jumapili ikanirudia.

Tulikuwa tukirudi kwetu Kaliua baada ya kutazama maporomoko ya Malagarasi. Shangazi wa Uvinza alikataa tuondoke na njaa, akatulisha migebuka kwa ugali wa muhogo mpaka tukachelewa. Saa nane ilitukuta porini. Baba aliingiza landrova yake chini ya miti, akazima injini. Siku hizo kila Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi Jumatatu asubuhi serikali ilikataza magari ya watu binafsi barabarani, ili kuokoa petroli. Mimi, mtoto bado, nilielewa kwamba hakuna kiumbe anayeruhusiwa kusogea hadi Jumatatu asubuhi.

Nilikaa kwenye kiti kilichopata joto, mkojo umenibana. Mzee mmoja alipita na baiskeli, nikamhurumia, nikijua atakamatwa.

“Mbona unatetemeka?” mama aliuliza.

“Nataka kukojoa, lakini serikali imekataza.”

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baba hakucheka. Aliitazama ile barabara tupu, kisha akanifungulia mlango.

“Shuka, mwanangu. Miguu bado ni yetu.”