Kiraka cha Sketi ya Bluu

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu, hutoa harufu ya moshi na mvuke kwa pamoja. Nikiisikia hata leo, narudi barazani kwetu Majengo, hapa Songea, nikiokota vipande vya nguo miguuni pa mama, kando ya cherehani yake.

Wewe uliyezaliwa baadaye, ngoja nikueleze kidogo. Nilipokuwa mdogo madukani hakukuwa na nguo, na karibu kila mtu alivaa viraka, hata mwalimu mkuu. Viraka vya mama vilijulikana: vya mraba, vimeshonwa mistari miwili, vimenyooka kama bahasha. "Kiraka si aibu," alizoea kusema. "Aibu ni tundu." Akitaka shahidi alimtaja Mzee Chen, Mchina aliyesimamia mabomba ya maji. Msomi yule alifua nguo zake mwenyewe, alikula ugali pamoja na vibarua, na suruali yake ilikuwa na kiraka nyuma.

Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, na wenzangu wakajifunza kucheka kiraka kilichokuwa nyuma ya sketi yangu ya shule, ile ya bluu.

"Vene, hiyo bahasha uliyoikalia, barua ya nani?"

Mwaka huo nilichaguliwa kuongoza kwaya siku ya kufunga shule. Sasa fikiria: anayeongoza kwaya huwapa wageni mgongo. Nikamwambia mama siendi.

"Mbona Mzee Chen anaenda kazini kila siku?" akanijibu, mguu haujatoka kwenye cherehani.

Wiki ileile Mzee Chen akaja, suruali mkononi.

"Mama Vene, naomba kiraka kisionekane. Vijana wanakuja kutoka kwetu."

Mama akacheka. "Hao vijana wanakuja kukutazama nyuma?"

"Watatazama. Zamani kwetu kiraka kilikuwa heshima, mtu wa kazi. Hawa wakikiona, wanaona maskini tu."

Mama akaacha kucheka. Alikifumua kile kiraka, akakata kitambaa kidogo kwenye pindo la ndani, akakipachika penye tundu, akapitisha uzi mmoja mmoja, kisha akapiga pasi. Nilipapasa kwa kidole nisipaone mahali penyewe. Mzee Chen aliomba kiraka chake cha zamani, akakikunja na kukitia mfukoni mwa shati.

Alipoondoka nikauliza, "Mama, kumbe unaweza?"

"Siku zote."

"Mbona sketi yangu hukuifanya hivyo?"

Akakata uzi kwa meno. "Sikujua kama tuna cha kuficha. Haya, ilete."

Niliongoza kwaya nimenyoosha mgongo, na wageni wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiruka kwa furaha, nikidhani mama amenishonea sketi tu. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe wa kuwavisha, kuelewa kwamba pamoja na kiraka alifumua kitu chake alichokuwa akijivunia, kwa sababu mimi nilikionea haya. Maana tangu siku ile, ule msemo wake wa kiraka na tundu sikuusikia tena.