Mwaka Mama Aliposhindwa Uchaguzi wa Mwalo

Dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka wana harufu isiyofanana na nyingine. Si ya samaki tena. Ni ya kitu kilichochacha, nzito, na hukaa kwenye nywele, kwenye mashuka na kwenye daftari za shule. Harufu hiyo ilitawala mwaka wetu wa kwanza kwenye mwalo mmoja, ufukwe wa ziwa ambako wavuvi hushusha samaki, upande wa Magu, nilipokuwa na miaka minane. Tulitoka Mara, kwa Wajaluo wenzetu, tukimfuata baba aliyepata kazi kwenye mtumbwi wa dagaa. Nyumbani tulizungumza Kijaluo. Pale mwaloni watu walizungumza Kisukuma wao kwa wao, na Kiswahili na wageni. Mama na mimi tulianza siku moja, tukiwa sawa, wote hatujui kitu.

Usawa huo haukudumu. Sikumbuki hata nikijifunza. Nilicheza rede na watoto wa jirani, nikagombana nao, nikatukanwa na kutukana, na kabla ya likizo ya kwanza nilikuwa nahesabu kwa Kiswahili na kuota ndoto kwa Kisukuma. Mama alikuwa amepita miaka arobaini. Alijitahidi kuliko mimi: alirudia maneno huku akisonga ugali, aliniuliza jina la kila kitu kilichokuwa mbele yake, na bado maneno yalimtoka yamepinda. Shamba kwake lilikuwa samba, na shida ikawa sida. Ngeli ndizo zilimshinda kabisa; kila kitu duniani kilikuwa “yangu” au “yetu”. Nikimrekebisha alirudia vizuri, na kesho yake akakosea palepale. Nilidhani hasikilizi.

Mwalo uliongozwa na kamati, na kamati iliongozwa na Bwana Magesa, mzee mrefu aliyewahi kuwa karani kwenye kinu cha pamba. Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio. Akianza na “ndugu wananchi”, hata wavuvi walevi walinyamaza. Hakuwa mtu mbaya, lakini mwaka ule alimpa mfanyabiashara mmoja wa mjini sehemu tambarare ya mchanga, apandishe mitumbwi yake na kutengeneza injini. Sehemu hiyo ndiko wanawake walikoanikia dagaa. Zilichimbiwa nguzo, ikafungwa kamba, na wanawake wakabaki na mteremko ambako maji ya mvua yalipita. Kila mvua ilipowakuta dagaa wamelala chini, walioza. Mama aliwamwagia kuku wa majirani, na sisi tukaanza kula mlo mmoja kwa siku.

Jioni moja jirani yetu, Mama Ngolo, alikuja na wanawake wenzake. Uchaguzi wa kamati ulikuwa umekaribia.

“Mama Achieng, wewe ndiye utagombea uenyekiti,” alisema.

“Mimi? Hapana. Mdomo yangu nzito.”

“Uwe mzito, uwe mwepesi, sisi tunakutaka wewe.”

Nilishangaa, kwa sababu mimi niliyejua makosa yake yote niliona hafai. Leo nadhani naelewa. Wanawake walipogombania nafasi za kuanikia, walikwenda kwake, na yeye aliwasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza mtu. Alilazimika, asingesikiliza kwa makini asingeelewa. Alipojibu alitumia maneno machache aliyokuwa nayo, na kwa maneno machache ni vigumu kuzunguka.

Siku ya uchaguzi Bwana Magesa alizungumza kwanza, juu ya maendeleo na mshikamano, akapigiwa makofi. Mama alisimama mikono ikiwa imeshika kanga. “Mchanga yetu,” alianza, na wanaume wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Alingoja kicheko kiishe, akaanza upya vilevile: “Mchanga yetu imechukuliwa. Dagaa inaoza. Watoto iko na njaa. Mimi nataka mchanga irudi. Basi.” Akakaa.

Watu waliambiwa wajipange nyuma ya mgombea wanayemtaka. Nyuma ya mama walisimama karibu wanawake wote, na baba, na wavuvi wachache. Nyuma ya Bwana Magesa mstari ulifika kwenye mitumbwi. Mama alikwenda kumpa mkono, kisha tukarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, mitumbwi ilipoleta dagaa, wanawake hawakushuka mteremkoni. Walisimama na beseni kichwani wakimtazama mama. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kamba, akainama, akapita chini yake na kuanza kumwaga dagaa mahali pake pa zamani. Mama Ngolo akafuata, na baada yake wote. Muda si mrefu mchanga uling'aa kama mabati mapya.

Bwana Magesa alikuja akitembea haraka.

“Mama Achieng, mnafanya nini hapa?”

“Tunaanika, Mwenyekiti.”

Alitazama dagaa, akawatazama wanawake, akashusha sauti. “Sasa yule mwenye mitumbwi nimwambie nini?”

“Mwambie yeye ikuje. Tutaongea.”

Akaja, wakaongea, na baada ya mabishano marefu mitumbwi ikahamishiwa nyuma ya miamba. Bwana Magesa aliendelea kuwa mwenyekiti na kusoma hotuba. Ila mtu mwenye tatizo mwaloni alipitia kwanza kwetu, na mara nyingi alikuwa ametumwa na mwenyekiti mwenyewe.

Sasa mimi ni muuguzi Sengerema, na umri wangu umefikia ule wa mama wakati ule. Najifunza lugha ya alama ili niongee na wagonjwa viziwi. Mwalimu wetu ni kijana; hunionyesha ishara ileile mara nyingi, naishika, na nikifika wodini vidole vimesahau. Binti yangu mdogo, anayenisindikiza Jumamosi, tayari anachekeshana na mwalimu. Namtazama bila wivu mkubwa. Mwaka huu mgombea mmoja alifika stendi yetu na spika kubwa, akawa anazungumza Kiswahili kisicho na doa. Binti yangu akaniuliza kama huyo ndiye kiongozi. Nikamwambia sijui bado. Tungoje amalize, tuone kama atamsikiliza mtu.