Hallbera Hakufunua Wavu

Kiangazi cha Iceland ni kifupi, na watu wake hawako tayari kupoteza hata kipande. Theluji ikishatoka milimani, mwenye watoto akionekana amekaa dirishani huulizwa kama anaumwa. Hallbera alijifungua mtoto wake wa pili siku hizo hizo, jua limeshakataa kuzama, na kabla hajaweza kukaa vizuri kitini mama mkwe wake Ingunn alikuwa mlangoni, gambuti miguuni, ameshika kiuno.

"Bado mko ndani?"

"Ndiyo kwanza nimemaliza kumnyonyesha, Ingunn."

"Kwani maziwa umeyafungia kabatini? Si unatembea nayo? Mtoto halali ndani kiangazi, Hallbera. Mapafu yatamwozea."

Akatoka. Alimvika Orri, mkubwa wake wa miaka miwili na nusu, sweta la sufu na kofia, akamlaza mtoto mchanga kwenye kigari chake chini ya blanketi zito, akashusha wavu wa kuzuia nzi, akasukuma. Joto lenyewe la kule ni la kuvaa sweta, lakini ukilisema hilo mbele ya wenyeji utatafutiwa nauli ya kurudi kwenu.

Mtoto hakuwa na jina bado. Jina lingetangazwa kanisani siku ya ubatizo, mwezi wa nane, Hlynur, baba yake, akisharudi kutoka baharini kwenye meli ya uvuvi. Hadi hapo kila mtu alimwita Bwana Mdogo. Wanawake walipomdodosa Hallbera atamwita nani, alitabasamu na kusema ni siri, kama wanavyosema wote. Kwa kweli hakuwa ameficha kitu. Hakuna jina lililomjia hata moja, wala hakulitafuta.

Hakuwa na huzuni. Huzuni angeijua, alishawahi kuzika baba. Hii ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu, unaubana na haujibu. Alipozaliwa Orri, Hallbera alikuwa akimnusa utosini mpaka Hlynur akamcheka, akamwambia atammaliza mtoto harufu. Kwa huyu wa pili alisubiri kitu kama hicho wiki ya kwanza, akasubiri ya pili, kisha akaacha kusubiri. Mikono yake ilifanya kila kitu. Ilibadili nepi, ilikanda mgongo, ilifungua vifungo. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Alichoogopa ni kimoja tu, nacho hata woga wake ulikuwa butu: kwamba siku moja mtu atamtazama usoni na kujua kuwa hana kitu kwa mwanawe. Kwa hiyo akawa mama wa mfano. Asubuhi alikuwa wa kwanza barabarani. Alishinda na watoto ufukweni, kwenye nyasi nyuma ya kanisa, chini ya chanja za kukaushia samaki, Orri akifukuzwa na ndege wa pwani, membe, na kurudi anapiga kelele za raha. Walikula nje, samaki mkavu kwa siagi, na mtindi mzito ambao Orri aliupaka hadi masikioni. Ingunn alimsifu mji mzima. "Mkwe wangu huyo," alisema dukani, "nyumba yake imekuwa ya kulala tu." Hallbera aliposikia alisema asante.

Kila asubuhi wanawake wenye watoto walikutana kwenye bwawa la kuogelea, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Vigari walivipanga nje, ukutani, wachanga wakilala humo kwenye upepo huku mama zao wamezama hadi mabegani upande wa pili wa ukuta. Mtoto akilia, aliye karibu anapaza sauti: "Cha bluu kinalia!" Mwaka huo neno hilo halikusaidia kitu, maana duka la mji lilileta aina moja tu ya vigari, na vyote vilikuwa vya bluu.

Ndiyo sababu kila mama, kabla ya kuondoka, alifunua ncha ya wavu akachungulia. Hakuna aliyefundishwa. Unafunua, unachungulia, unasema neno la kipuuzi, unaachia breki.

Asubuhi moja katikati ya mwezi wa saba upepo uligeuka, na mhudumu wa bwawa akavihamishia vigari upande uliokingika, kama alivyofanya mara nyingi. Hallbera alitoka wa kwanza, nywele zinachuruzika, Orri ameshikilia pindo la sweta lake na kudai biskuti. Alikwenda kwenye kigari cha mwisho, kwa sababu chake alikiacha cha mwisho. Akaachia breki, akasukuma.

Waliteremka hadi ufukweni. Hallbera aliketi kwenye jiwe, Orri akaanza kazi yake ya kuihamishia bahari mawe. Haukupita muda mtoto akalia. Hallbera aliingiza mikono chini ya wavu, akamtoa na blanketi lake, akapandisha sweta na kumpa ziwa, macho yake yako majini. Mtoto alivuta kwa nguvu kuliko kawaida. Hilo aliliona, akaliacha lipite. Ziwa moja likaisha, akamgeuzia la pili.

Orri alikuja na mikono ya baridi, akaushika mguu wa mtoto uliochomoza.

"Mama, huyu nani?"

"Bwana Mdogo."

"Siyo."

"Ndiye, Orri. Nenda kacheze."

"Siyo! Huyu mguu mkubwa!" Na kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza, akanyoosha mkono akamvua mtoto kofia.

Zikasimama nywele, nyeusi, nyingi, za kuchana kwa kitana. Bwana Mdogo alikuwa na kipara kama cha babu yake. Aliyekuwa akinyonya alikuwa Freydis, aliyezaliwa wiki moja na Bwana Mdogo, binti wa Dagrun, mke wa fundi wa mashine za boti na mmoja wa wanawake wa bwawani.

Hallbera alimtazama. Alisubiri moyo upige, au hata aone aibu. Haukupiga. Lilikuja wazo tu, wazi na baridi, kwamba leo angepewa mtoto yeyote wa mji huu angemnyonyesha, akamcheulisha, akamlaza jioni, wala asingejua. Alimwacha Freydis amalize, maana kumkatiza mtoto katikati ni ukatili, akamvisha kofia, akapanda naye kilima. Hakukimbia. Orri ndiye aliyekimbia mbele, akitangaza kwa kila nyumba, "Mama kaiba mtoto! Mama kaiba mtoto!"

Dagrun alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya bwawa, taulo kichwani, koti juu ya nguo ya kuogelea, na chini ya koti alikuwa Bwana Mdogo, ananyonya. Wanawake wengine wawili walisimama pembeni na kahawa zao.

"Mwizi huyoo!" Dagrun alipaza sauti. "Huyu wako ana king'ora, wewe! Nimeona heri nimzibe mdomo kabla hawajaja zimamoto."

"Wako pia nimemlisha."

"Basi ngoma droo!"

Wakacheka mpaka kahawa zikamwagika. Mmoja akasema hata yeye aliwahi kufika na mtoto wa dada yake mpaka posta. Dagrun alifuta macho kwa ncha ya taulo.

"Nimefunua wavu nakuta mzee wa kipara ananikodolea. Nikasema, Mungu wangu, Freydis amezeeka ghafla! Eh, na wewe umejua wapi? Hapo kwenye kona?"

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, kilichobaki ni kuitikia. Hapo kwenye kona, ndiyo. Wangecheka tena, kisa kingesimuliwa hadi Krismasi, na hakuna ambaye angejua kitu. Hallbera alifungua mdomo kusema hivyo.

"Sikujua mimi," akasema. "Aliyejua ni Orri."

"Hukumtazama?"

"Nimemnyonyesha maziwa yote mawili, Dagrun. Sikujua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sukari. "Na huyo wangu hapo, ukimlaza katikati ya wengine, sijui kama ningemtambua. Simjui. Tangu azaliwe simjui. Namhudumia tu."

Kicheko kikakatika. Mmoja wa wale wawili alikumbuka kuwa ana shughuli nyumbani, mwenzake akamfuata. Orri alikuwa amechuchumaa anakagua magurudumu.

Dagrun hakusema kwamba yatapita. Hakusema wote huchoka. Alivuta koti juu ya nguo yake ya kuogelea yenye maji.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe."

"Ingunn?"

"Ataniambia nitoke nje."

Dagrun aliguna, karibu acheke, kisha sura yake ikabadilika. "Kesho tunakwenda kwa mkunga, mimi na wewe. Usianze kubisha, nakujua. Na leo unakwenda kulala. Ndani, Hallbera. Funga mapazia. Orri nakuja kumchukua nikishavaa nguo za watu. Ingunn akiwa na neno, aje aliseme kwangu."

"Jua limetoka," Hallbera alisema, kwa mazoea tu.

"Liache likae huko huko."

Wakabadilishana watoto. Freydis alirudi kwa mama yake, na Dagrun akamsemesha, akambusu shavu huku na huku bila hata kujijua, jinsi mtu anavyojikuna. Hallbera aliliona hilo pia. Alimpokea Bwana Mdogo, mzito na mlegevu kwa maziwa ya jirani. Akamtazama kipara, kope, mdomo uliobaki wazi. Akatafuta ndani yake, akakuta ganzi ile ile.

Orri alikuwa amekuja kusimama miguuni pake, ameinua uso. Hakuonekana kumwamini mtu yeyote pale.

"Tunakwenda na nani?" akauliza.

Dagrun alicheka. Hallbera akainama, amemshika mtoto kwa mikono miwili, ili kaka yake amwone vizuri.

"Hebu mtazame wewe. Ndiye?"

Orri hakuwa na haraka. Alishika sikio, akaliachia. Alisogeza uso karibu mpaka pua zikagusana, akarudi nyuma, akakunja uso kama afisa wa forodha. Hallbera alibaki ameinama, akimngoja mtoto wa miaka miwili na nusu atoe neno, na ghafla vidole vyake vikalibana blanketi. Aliogopa. Aliogopa, wala safari hii woga haukuwa butu, Orri asije akasema siye.