Mchele wa Mwenye Ndege

Juzi ufukweni Kajaga nilimwona mwenye ile ndege ya mizigo iliyoanguka ikamuua baba, fundi wake. Amenenepa, anacheka. Papo hapo nikasikia harufu ya ubani wa matanga yetu.

Siku ile ya matanga alituletea gunia la mchele.

“Ni mupango ya Mungu, mama Asha.”

“Bwana yangu alikuambia mulango ya ndege haifunge. We ukasema wafunge na kamba. Ile kamba, Mungu ndiye alikupa?”

Mama akalipasua gunia, kuku wakauvamia mchele uani. Nilimwona mama mkorofi, nikamchukia. Nikapiga magoti, nikaokota mchele punje kwa punje, nikimwomba mgeni radhi.

Akanipapasa kichwa. “Mutoto ana adabu kuliko mama yake.”

Nikafurahi. Sasa mtu akinisifu adabu, naisikia tena harufu ya ule ubani.