Damu ya Mnadani

Nimekuwa afisa mifugo katika wilaya ya Serengeti kwa miaka mingi, na wafugaji walinizoea hata wakaniita Bwana Mifugo, ingawa mimi ni mwanamke na nina watoto wanne. Jina lilikuja na kazi, sikulikataa.

Mwaka mmoja alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu. Alikuwa anatafiti ugonjwa wa kutupa mimba. Ni ugonjwa wa ng'ombe, lakini mtu akinywa maziwa mabichi naye unampata: homa haiishi, viungo vinauma, na zahanati inampa dawa ya malaria mara tatu, mara nne, bila nafuu. Mama yangu mzazi aliumwa hivyo kule Nyanungu, Tarime, karibu mwaka mzima, mpaka alipopelekwa hospitali wakagundua. Kwa hiyo mtafiti aliponiomba nimpeleke kwa wafugaji, nilikubali siku hiyo hiyo.

Tulianzia Nyansurura. Mimi nilizungumza na wenye boma, vijana wao wakakamata ng'ombe, mtafiti akachoma sindano shingoni. Damu ikishaingia kwenye kichupa, mimi ndiye niliyeandika namba juu yake kwa kalamu isiyofutika, kisha nikaiandika tena kwenye daftari langu pamoja na jina la kata. Alikuwa mpole, anasalimia wazee shikamoo kabla ya kusema lolote. Nilimpenda kwa hilo.

Kata ya tatu ndiyo iliyotukatalia. Sitaitaja hapa, imetajwa vya kutosha.

Wazee walitukaribisha, wakatupa maziwa mgando, wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja akauliza, "Damu ya ng'ombe wetu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, mzee," mtafiti akajibu.

"Na majibu yanarudi lini?"

"Yatarudi."

"Sijauliza kama yatarudi. Nimeuliza lini."

Mtafiti akanitazama mimi. Mzee mwingine akasema kwa Kikurya kwamba waliokuja kabla yetu, waliochukua damu za watoto, nao walisema yatarudi, na mpaka leo hakuna aliyewaona. Tukaambiwa tumalize maziwa yetu, twende salama.

Tukaanza kurudi Mugumu, makao ya wilaya. Njiani mtafiti akasema kwamba bila kata ile utafiti wake utakuwa na pengo. Ninachokisema sasa hakuna aliyenilazimisha kukisema: wazo lilikuwa langu. Nilimwambia, "Daktari, keshokutwa ni mnada. Ng'ombe wa kule wataletwa. Hatutakosa wenye ng'ombe watakaokubali."

Tulikwenda. Waliokubali walikuwa wengi, maana mtu anayeuza ng'ombe hana shida na tone la damu. Kila kichupa nilikiandika jina la kata alikotoka ng'ombe, na kwenye daftari nikaongeza herufi M, yaani mnadani. Sikuiongeza bure. Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe anayeletwa mnadani si sawa na anayebaki zizini. Mtamba mzuri hauzwi. Jike lililotupa mimba mara mbili ndilo linalofungwa kamba asubuhi na mapema likauzwe.

Mtafiti akanakili kurasa za daftari langu, akaondoka na boksi lake la barafu. Miezi mingi baadaye alinitumia rasimu ya makala yake kwenye simu, yote kwa Kiingereza, akaniomba niipitie. Nilikuwa kwenye kampeni ya chanjo. Nikajibu, "Iko sawa, Daktari, hongera." Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja.

Miaka ikapita. Nikasikia amekuwa profesa.

Siku moja nilikuwa nakunywa chai kwenye mgahawa mmoja Mugumu. Mwenye mgahawa ni mzee wa Kiislamu, baba yake alitoka pwani akahamia huku na biashara. Akaingia mama mmoja na madumu mawili ya maziwa. Nilimfahamu kwa sura. Anatoka kata ile. Mwenye mgahawa akamzuia mlangoni.

"Mama, samahani. Ya kwenu sichukui tena."

"Kwa nini, mzee? Si jana umechukua?"

"Jana sikujua. Kwenye semina ya afya wametuonyesha. Kata yenu ndiyo inayoongoza kwa ugonjwa wa kutupa mimba. Imeandikwa na wataalamu."

Yule mama akageuka kunitazama, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti la kazi. Alibeba madumu yake akatoka, nami chai ikanishinda. Nilijiuliza: imeandikwa na nani? Kule hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuchukua hata tone la damu ya ng'ombe.

Binti yangu anafundisha sekondari Tarime. Alipokuja likizo nilimtajia jina la profesa, akafungua simu. Ukatokea ukurasa wenye picha yake na orodha ndefu ya makala: za mifugo, za homa za binadamu, za dawa, nyingine hata sikuelewa zinahusu nini. Mbele ya kila makala kulikuwa na namba.

"Hii namba ni nini?"

"Ni mara ambazo waandishi wengine wameitaja hiyo makala kwenye kazi zao, mama. Kadiri inavyotajwa ndivyo anavyoheshimika. Na hii ya huku kwetu ndiyo imetajwa kuliko zote."

Nikamwambia anisomee, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Akasoma kwamba boma zilichaguliwa kwa bahati nasibu katika kata zote. Nikamwambia arudie. Akarudia. Kata ile ilikuwa imetajwa kwa jina, na kiwango chake cha ugonjwa kilizidi vya kata nyingine kwa mbali. Neno mnada halikuwemo popote. Mwishoni kulikuwa na shukrani kwa maafisa mifugo wa wilaya.

Tukaanza kufungua makala za wale waliomtaja. Mmoja aliandika kwamba kata ile inajulikana kwa ugonjwa huo. Anajuaje? Anamtaja profesa. Mwingine alishauri wananchi wa kule waelimishwe haraka. Yeye hakumtaja profesa, alimtaja yule wa kwanza. Tulifuata namna hiyo mpaka betri ikaisha, na kila njia ilirudi kwenye vichupa vile vya mnadani, nilivyoandika mimi kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo sikumwamini tena. Nilikumbuka upole wake na shikamoo zake, nikaanza kuona kwamba vyote vilikuwa chambo. Nilikumbuka kuwa hakuwahi kuniuliza habari za wazee wale. Hata makala zake nyingine nilizitilia shaka, za mikoa ambayo sijafika. Nikawaza, huko nako ni nani aliyemshikia ng'ombe, na herufi gani imepotea? Nililitafuta daftari langu nikalipata ofisini, ndani ya sanduku la vifaa vya chanjo. M zote zilikuwepo.

Nilimpigia simu. Akafurahi kunisikia, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Akasema atapita Mugumu baada ya wiki chache. Nilidhani ananikwepa, lakini alifika kweli, tukakaa barazani kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Nikafungua daftari mbele yake.

"Profesa, hii M unaikumbuka?"

Akavaa miwani. Alikaa muda mrefu anafunua kurasa.

"Mnadani," akasema.

"Kwenye makala haimo. Mmeandika boma kwa bahati nasibu."

"Kata nyingine ndivyo tulivyofanya."

"Siulizi kata nyingine."

Akavua miwani. Akasema takwimu zilisafishwa na wanafunzi wake, safu ile ilionekana ina herufi moja tu kwa kata moja tu, wakaiondoa. Nikamwuliza kama yeye aliona. Akajibu, "Nilikutumia rasimu. Ulijibu iko sawa."

Maneno hayo yalinipata. Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu ujumbe bado ulikuwa kwenye simu yangu. Nikamwambia, "Ni kweli. Sikusoma. Lakini mimi nimekuja na daftari. Wewe umekuja na nini?"

Aliomba apige picha kurasa zile, akaahidi kuandika masahihisho. Nilimruhusu, ila na mimi nilimpiga picha yeye akizipiga. Aliona, akatabasamu kidogo, wala hakukasirika.

Miezi ikapita bila neno. Kila wiki nilimsumbua binti yangu aangalie. Nilishakata tamaa alipopiga simu akasema, "Mama, yametoka." Ilikuwa aya moja tu: sampuli za kata fulani zilichukuliwa mnadani, hivyo kiwango chake kisilinganishwe na vya kata nyingine. Baada ya muda nikamwomba aangalie tena zile namba. Ya makala ya zamani ilikuwa imepanda. Ya masahihisho haikuwa na kitu.

Basi nikaona haitatosha kukaa Mugumu kusubiri watu wasome. Nilikwenda mwenyewe kwenye kata ile. Wazee wawili kati ya wale wa zamani walikuwa hai, na yule mama wa madumu alikuwepo. Nikawaeleza yote, mnada, M, rasimu, sikujitoa. Nilipomaliza yule mama akasema, "Kwa hiyo sisi tulikataa, ninyi mkatuandika hivyo hivyo."

"Ndiyo, mama."

"Na maziwa yangu yamemwagika miezi yote hii kwa ajili ya ng'ombe waliokwisha chinjwa."

Mzee mmoja akasema mimi si wa kuaminika, lakini angalau nimerudi, na aliyerudi anaweza kuulizwa. Wakanipa masharti: damu ichukuliwe hadharani kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, kila mwenye ng'ombe apewe namba zake kwa mkono, na majibu yasomwe pale pale kijijini kabla ya kwenda kwingine kokote. Nilikubali. Ofisi yangu ilinisaidia vifaa, na safari hii nilisimama juani siku mbili huku wazee wamekaa nyuma yangu wakihesabu kila kichupa.

Majibu yaliporudi niliyasoma kwa sauti. Ugonjwa ulikuwepo, siwezi kusema haukuwepo. Ulikuwa kwa ng'ombe wachache, kwenye boma nne, na moja ilikuwa ya mzee yule yule aliyesema mimi si wa kuaminika. Aliniuliza afanye nini, nikamwambia awatenge, na maziwa yachemshwe. Ng'ombe wa yule mama wote walikuwa salama. Akataka karatasi yenye mhuri. Nikamwandikia, akaenda nayo Mugumu. Mwenye mgahawa aliisoma mara mbili, akauliza kama mhuri ni wa kweli, kisha akasema aanze na dumu moja, naye atachemsha mbele ya wateja.

Haikupita wiki mbili, profesa akapiga simu. Amesikia, sijui kwa nani, kwamba tumepima upya. Anaomba takwimu zile, ataziandikia makala mpya, na jina langu litakuwa la pili kati ya waandishi.

Nikamwambia, "Takwimu si zangu. Ziko kwa wazee. Njoo uwaombe."

Akasema ratiba yake imebana, ila atakuja. Wazee nimewaambia. Wamesema akija atakaribishwa mgando kama mara ya kwanza, kisha ataulizwa maswali. Mpaka leo hajafika, nami daftari lile lenye M nimelihamisha kutoka ofisini, zisije zikapotea tena, nalala nalo nyumbani.