Gari Jekundu na Mkwe wa Tupokigwe

Kila mara ni mimi tu. Wapo waliofika darasa la nane, kalamu zimejaa mfukoni, lakini habari ya gari la Tupokigwe wanataka niandike mimi, ninayepanga herufi moja moja kama mtu anayepanda maharage. Haya. Nitaandika mara moja, na atakayeona nimekosea herufi afumbe macho apite.

Tupokigwe alikuwa mke wa Jailos, dereva wa lori, na nyumba yao ilikuwa mlimani, njia ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu. Kazi yake ilikuwa mchele. Aliufuata mashambani Ubaruku kwa lori za watu na kwa miguu yake, akauuza soko la Mbeya na la Mbalizi. Kuendesha alifundishwa na mumewe, na leseni aliipata mara ya tatu, askari alipochoka kumkatalia.

Mwaka wa hamsini na saba kahawa ilikuwa na bei. Baba mkwe wake, mzee Andendekisye, akasema ataweka fedha ya kahawa juu ya akiba ya mchele, nyumba inunue gari lililokwisha kutumika. Ila kabla hajatoa fedha yake, alione kwanza kwa macho.

Mke na mume wakaenda Iringa kwa Kalinga, fundi aliyekuwa akiwauzia walowezi magari yao wakitaka kurudi kwao. Uani kwake yalikuwapo mawili, bei moja. La kwanza pikapu ya kijivu, ya kubeba magunia manane bila kulalamika. La pili jekundu, limelala chini chini kama paka anayewinda, viti viwili tu na paa la turubai. Bwana mmoja wa tumbaku alikuwa akilikimbiza kwenye mashindano huko Nairobi. Kalinga akawaambia kweli, kwamba hilo jekundu amelishusha bei kwa sababu kila mteja hulishika, hucheka, kisha hununua jingine.

Tupokigwe hakucheka. Aliomba ufunguo. Akateremka nalo mpaka darajani Ipogolo, akageuza, akaushika ule mlima wa kuingia mjini. Lori la mumewe hupanda pale likikohoa, utingo anatembea kando na jiwe mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi. Jekundu lilipanda kama mlima umeinama kulipisha. Kitambaa cha kichwa kikaruka kikabaki Ipogolo. Alirudi kichwa wazi, macho yanatoka machozi ya upepo, na anacheka peke yake.

Jailos alikuwa ameshapiga hesabu. "Mama Lusia, hili linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Tairi zake mpaka Nairobi. Na mchele utakaa wapi, mapajani kwangu?"

"Baba Lusia," akasema, "mchele nimeubeba kichwani miaka kumi na mmoja. Miaka hiyo yote sijafika mahali popote haraka hata mara moja."

Jailos akairudia hesabu yake, na hesabu ikashinda. Kalinga akawapa pikapu kwa majaribio, mzee aione, isipompendeza irudi. Tupokigwe akaiendesha njia nzima kama anayechunga ng'ombe wa jirani.

Sasa hapa asiye wa kwetu ajue jambo. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemezani naye. Akimkuta njiani, yeye hutoka njiani akajificha mpaka mzee apite. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba hayo yamepitwa na wakati. Mzee Andendekisye alimwitikia mchungaji vizuri sana, akaendelea vile vile. Na Tupokigwe naye hakutaka mtu yeyote amzidi adabu.

Basi, maili moja kabla ya nyumbani, kwenye mteremko, mzee huyo kwenye kona na mwavuli wake. Tupokigwe akafanya alichofundishwa tangu arusi: alifungua mlango, akaruka, akazama migombani, kanga kichwani. Breki ya mkono siku ya arusi hakufundishwa. Pikapu ikaendelea na safari yake polepole, Jailos kwenye kiti cha abiria akiutafuta usukani kwa mikono miwili. Ikampita mzee, ikaingia shambani kwake, ikaegemea mgomba na kuzimika. Hakuumia mtu, ila mkungu mmoja.

Mzee akaketi ukingoni akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwuliza mwanawe kwa nini gari lile halina sauti. Jailos akajibu kwamba hiyo ndiyo sifa yake.

"Hiyo ndiyo kasoro yake," mzee akasema. "Limenifikia kimya kama mwizi. Nitageuka saa ngapi? Au kila siku ya soko mke wako aruke, nami nipoteze mkungu?"

Hapo ikasikika sauti migombani, ikizungumza na mgomba. "Mgomba wangu, Iringa lipo gari jingine. Likiwa bado kilima cha pili, wewe hapa umeshalisikia. Na likipita, aliyemo hata sura haionekani."

Mzee akautazama mwavuli wake. "Mwavuli, mwambie mgomba wakalilete."

Jailos akaanza tena habari ya petroli. Mzee akamwuliza, katika hesabu hiyo, adabu ya mkewe ameiandika mstari gani.

Wiki iliyofuata jekundu likaja. Kwanza ngurumo, mbali kabisa. Mzee akapata muda wa kulaza jembe, kukunja mwavuli na kuipa barabara mgongo, bila haraka yoyote. Likapita, likabaki vumbi. Hawakuonana, ila majirani wanasema mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika.

Jailos hakuwa amesema uongo. Gari lilikunywa. Mchele ulisafiri gunia moja moja, limeketi kiti cha abiria na kufungwa kanga, na Mbalizi watu waliliamkia gunia, "Ugonile, mama." Tupokigwe akiulizwa kama hiyo si hasara, alijibu kwamba ndiyo, hasara ipo, na kesho anakwenda nayo Ubaruku. Jumapili moja mzee naye akamwomba Jailos amzungushe. Alirudi bila kofia, akalipigapiga gari bonetini, akaliambia, "Ndaga fijo," ndiyo asante sana kwetu.

Lipo mpaka leo bandani kwa Tupokigwe, jekundu vile vile, ila haliwaki mpaka lisukumwe. Mimi nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Wewe uliyesoma bure, Jumamosi baada ya chai njoo na mikono yako miwili, tulitoe mpaka mteremkoni. Na breki ya mkono uishike wewe.