Fomu Iliyonishukuru Bure

Mjukuu wangu ni fundi wa tovuti ya hospitali. Wenzake wanamwita Bi Nyekundu. Jina hilo lilitokana na ugomvi, na mimi nilikuwemo.

Tulimlea sisi wawili, mimi na marehemu bibi yake. Tangu mdogo, ukimgombeza atakuuliza, "Kosa langu lipi?" Ukimjibu, "Unalijua mwenyewe," umeanzisha vita. Bibi yake alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nachoka.

Bibi yake alikuwa mkunga hospitalini hapo, miaka thelathini na moja. Wakunga wakifa, majina yao huwekwa kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, na siku ya mkutano wa mwaka husomwa kutoka hapo. Mkutano ulikuwa Ijumaa. Jina lisilokuwepo halisomwi.

Fomu ya kuombea jina liwekwe niliijaza mwenyewe kwenye simu, kwa kidole kimoja, na picha yake nikaiambatanisha. Sikutaka mtu aniandikie jina la mke wangu. Nikabonyeza. Ikasema: "Asante. Tumepokea."

Siku tisa nilifungua ukurasa ule kila asubuhi. Hayupo. Nikajaza tena. Asante. Nikajaza mara ya tatu, ya nne. Asante, asante. Jumatano nikamfuata mjukuu ofisini.

Chumba chenyewe kidogo, meza mbili, na feni inayopiga kelele kuliko upepo.

"Haa, mume wangu! Umekuja kunifumania?" Ndivyo anavyonitania.

"Acha masihara. Bibi yako yuko wapi?"

Nikamwonyesha simu.

"Kidude chako kimenishukuru mara nne na hakijafanya kitu. Kinanikejeli?"

Akafungua daftari la ndani la mfumo, lile wanaloliona mafundi tu. Akasoma, akashika kichwa.

Kumbe fomu ilinikataa mara zote nne. Nafasi ya tarehe ya kuzaliwa niliiacha wazi. Mke wangu mwenyewe hakuijua tarehe yake, mimi ningeijuaje?

"Sasa mbona haikusema?"

"Niliizima isiseme, babu."

Akanieleza. Miezi miwili nyuma meneja alikuwa akiwaonyesha wageni tovuti. Akakosea kujaza, mfumo ukamwaga mbele yao mistari ishirini ya lugha ya mitambo. Meneja akaona haya. Akaagiza makosa yasionekane tena, yote. Mjukuu alimwambia kuna makosa ya kumwambia fundi na kuna ya kumwambia anayejaza. Ya fundi yafichwe, ya mjazaji yaonekane. Meneja akamjibu, "Usinifundishe kazi. Wape asante." Akawapa.

"Na wewe ukakubali?"

"Nilichoka kubishana."

"Wewe? Wewe?"

Akahesabu kwenye lile daftari. Watu sitini na wawili walikataliwa wakashukuriwa. Mmoja alikuwa akimwombea mtoto wake miadi, kifua kimembana.

Hapo sura yake ikabadilika. Akavuta kiti, akaanza kurudisha ujumbe wa makosa. Akaandika, akanigeuzia kioo cha kompyuta.

"Soma. Unaelewa?"

"'Sehemu hii ni ya lazima.' Lazima kwa nani?"

Akafuta. Akaandika: "Tarehe si sahihi."

"Tarehe ipi? Mimi sijaandika tarehe yoyote."

"Babu, unanitoa jasho."

"Na wewe umenitoa roho siku tisa."

Akafuta tena. Safari hii akaandika chini ya nafasi yenyewe, kwa wekundu: "Hujajaza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu. Kama huijui, weka alama hapa." Akaongeza kisanduku cha kuweka alama. Hiyo nikaielewa. Akafanya hivyo kwa kila nafasi ya kila fomu, na mimi nikamkatalia maneno mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Mara meneja akaingia, simu mkononi.

"Nani karudisha hivi vyekundu? Natuma tangazo la Ijumaa, linanigomea!"

"Linasemaje, bosi?"

Akasogeza simu machoni. "'Hujachagua saa ya mkutano.'"

"Wiki iliyopita je, ulilituma?"

"Nililituma vizuri kabisa. Liliniambia asante."

Mjukuu akamgeuzia kioo. Meneja alikuwa mtu wa arobaini na nne kati ya wale sitini na wawili. Tangazo lake halikwenda popote. Akalitazama jina lake.

"Ndiyo maana hakuna aliyenijibu," akasema. Kisha, "Haya, viache. Ila upunguze ukali."

"Wa maneno au wa rangi?"

"Wa rangi, Bi Nyekundu. Wa rangi!"

Nikajaza mara ya tano. Nikaweka alama kwenye kisanduku. Nikabonyeza. Wekundu tena: "Picha ni kubwa mno."

"Angalau imesema," mjukuu akaniambia.

"Imesema. Lakini mke wangu simkati."

Akaichukua simu. Akakata ukuta na kipande cha pazia pembeni. Bibi yake hakumgusa. Nikabonyeza, na palepale akatokea kwenye ukurasa, kitambaa chake cha kazi kichwani.

Ijumaa jina lilisomwa, la saba. Msomaji alilisoma mbiombio kama anayeachwa na gari. Nilikereka. Nikamwomba alirudie, mbele ya watu wote, na akalirudia.